Kiki ya Pikipiki ya Zamani: Kutafuta Hitilafu Kabla ya Kushika Spana

Katika karakana ya chuo chetu kuna pikipiki kuukuu ya aina ya Triumph, ya sentimita za ujazo 650, iliyotengenezwa katika kiwanda cha Meriden, Uingereza, mwaka 1955. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1983, lakini pikipiki ingali inanguruma. Haina kitufe cha kuwashia. Anayetaka iwake hana budi kupiga kiki, na kiki ikiharibika chombo chote huwa pambo tu. Kwa miaka kadhaa tumeitumia pikipiki hiyo kuwafundishia wanachuo jambo lililo kubwa kuliko pikipiki yenyewe, nalo ni namna ya kumwongoza mwanafunzi atafute chanzo cha hitilafu kwa kufikiri, kabla hajagusa spana. Katika makala haya tumekusudia kueleza jinsi kiki hiyo inavyofanya kazi na inavyotengenezwa, pamoja na mahali ambapo sisi wenyewe tulikosea.

Tuanze na tukio moja. Mwanachuo wetu, akiwa katika mazoezi ya kufundisha, aliwaeleza wanafunzi wa Darasa la Sita habari za magurudumu ya meno. Alichora ubaoni kiki ya pikipiki yetu, naye aliichora vizuri. Akasema kwamba pikipiki haiwezi kuwashwa kwa kiki ikiwa imo katika gia. Mtoto mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, mbona bodaboda ya kaka yangu inawaka ikiwa kwenye gia, akishika klachi?" Mwanachuo akamjibu kwamba jambo hilo halimo katika somo la siku ile, akaendelea na ubao wake. Sisi tuliokaa nyuma ya darasa tuliandika kwamba somo lilikuwa na vielelezo vizuri, na kwamba lilikufa katika dakika ya 15. Swali la yule mtoto ndilo lililokuwa somo lenyewe. Mwalimu hakulikwepa kwa kiburi. Alilikwepa kwa sababu hakujua jibu, na hakujua jibu kwa kuwa alikuwa amekariri kanuni pasipo kufuata njia ambayo nguvu ya mguu hupita tangu kwenye kiki hadi kwenye injini.

Basi na tuifuate njia hiyo, lakini tuanzie kwenye baiskeli, maana hapo ndipo mtoto alipo. Ukikanyaga pedali kwenda mbele, gurudumu la nyuma huzunguka. Ukiacha kukanyaga, gurudumu huendelea kuzunguka lenyewe, na friwili hulia tiki-tiki-tiki. Ndani ya friwili mna meno yaliyolala upande mmoja, kama meno ya msumeno, na vidole vidogo vinavyosukumwa na springi. Upande mmoja vidole huyakamata meno. Upande wa pili huteleza juu ya migongo yake. Hiyo ndiyo maana ya racheti: nguvu hupita upande mmoja tu. Mtoto aliyewahi kuisikia friwili ikilia amekwisha kuisikia racheti, ila hajapewa jina lake.

Kiki ya Triumph ya miaka ile ina racheti ya namna hiyo, lakini umbo lake ni jingine. Mkono wa kiki, yaani ile sehemu inayokanyagwa, umefungwa kwa kota pini kwenye mhimili mfupi, kama mkono wa pedali ya baiskeli za zamani ulivyofungwa. Ndani ya kifuniko cha nje cha giaboksi, mhimili huo umebeba kipande cha chuma chenye meno, ambacho si gurudumu kamili bali ni sehemu ya duara. Tukiite robo duara. Kiki inapokuwa juu imepumzika, robo duara haligusi kitu. Unapoanza kuikanyaga, jino lake la kwanza hukutana na gurudumu dogo la meno, ambalo mafundi huliita pinioni, lililo kwenye ncha ya shafti kuu ya giaboksi. Pinioni haikushikamana na shafti. Huzunguka juu ya kijibomba chembamba cha chuma. Ubavuni mwake imechongwa meno yaliyolala, nayo hukabiliana na meno kama hayo ya racheti, ambayo yenyewe imeshikamana na shafti barabara. Springi nyepesi huisukuma pinioni ili meno hayo yaumane.

Unapokanyaga, robo duara huzungusha pinioni, pinioni huikamata racheti, racheti huzungusha shafti kuu. Shafti huzungusha klachi, klachi huvuta mnyororo wa mbele, mnyororo huzungusha kranki ya injini, na pistoni hupanda na kushuka. Mguu ukirudi juu, springi nzito iliyojiviringa kwenye mhimili huirudisha kiki, pinioni huzunguka kinyume, na meno yake huteleza juu ya racheti yakilia kra-kra-kra. Mlio huo wa kurudi juu ni dalili ya afya. Tunaomba mwanachuo aukumbuke, kwa sababu tutauhitaji baadaye.

Sasa swali la mtoto lina jibu. Katika pikipiki yetu nguvu ya mguu hupita ndani ya klachi ili kuifikia injini. Ukishika klachi, umeikata njia hiyo, na utakanyaga hewa. Ukiacha klachi huku gia imeingia, shafti kuu imeungana na gurudumu la nyuma, kwa hiyo kila ukikanyaga unajaribu kuisukuma pikipiki nzima. Ndiyo maana sharti gia itolewe, na klachi iachwe bila kushikwa. Katika pikipiki nyingi za siku hizi kiki haipitii shafti kuu. Huzungusha, kwa gurudumu la kati, ganda la nje la klachi, ambalo limeungana na injini wakati wote, klachi iwe imeshikwa au imeachwa. Kwa hiyo kaka wa yule mtoto hushika klachi ili kulitenga gurudumu la nyuma, na kiki yake bado huifikia injini. Mtoto alikuwa sahihi kuhusu bodaboda, mwalimu alikuwa sahihi kuhusu Triumph, na tofauti kati yao ilikuwa ni njia ya nguvu tu. Mwalimu asiyejua jibu angeweza hata hivyo kuandika swali ubaoni na kusema, "Twende tukamwulize kaka yako," na somo lingeendelea kuishi.

Tuje kwenye hitilafu. Malalamiko yanayosikika zaidi ni haya: "Kiki inateleza." Maneno hayo mawili yanaeleza dalili, hayaelezi chanzo. Hapa ndipo tulipokosea sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, kiki ya pikipiki yetu ilipoanza kuteleza, tuliwakusanya wanachuo 12, tukawaambia kwa uhakika mkubwa kwamba racheti imekwisha, tukaifungua giaboksi mbele yao. Tulimwaga oili, tukaharibu gasketi, tukatoa racheti, nayo ilikuwa na meno makali kama mapya. Kosa lilikuwa kwenye waya wa klachi. Mtu alikuwa ameukaza mno, hata haukubaki na ulegevu wowote, na klachi ikawa imeshikwa nusu wakati wote. Kuulegeza kulichukua dakika mbili. Hatukusikitikia sana gasketi. Tulichosikitikia ni kwamba wanachuo 12 walikuwa wamejifunza kutoka kwetu kwamba mtu mwenye spana hana haja ya kuuliza. Mmoja wao alituambia waziwazi kwamba alikuwa ameona waya umekaza, lakini hakusema, kwa sababu mkufunzi alikwisha kutamka.

Tangu siku hiyo tumeweka sheria ndogo: hakuna anayeshika spana mpaka darasa limetaja angalau vyanzo vitatu vinavyoweza kuleta dalili ile, na kwa kila kimoja limependekeza njia ya kukipima bila kufungua kitu. Wanachuo huiona sheria hii ni ya kuchosha kwa nusu saa ya kwanza. Tunawaacha wachoke.

Kwa kiki inayoteleza, maswali huenda hivi. Je, mhimili unazunguka pamoja na mkono wa kiki? Mwanafunzi mmoja hukanyaga polepole kwa mkono, mwingine hutazama ncha ya mhimili. Mkono ukienda na mhimili ukabaki, kota pini imelika au nati yake imelegea, na hakuna haja ya kwenda ndani. Mhimili ukizunguka, tunauliza la pili: je, klachi inakamata? Tunaingiza gia ya juu, tunaacha klachi, injini imezimwa, kisha tunaisukuma pikipiki mbele. Gurudumu la nyuma hapo hujaribu kuizungusha injini kupitia klachi ileile. Tukihisi ugumu wa pistoni zikibana hewa, klachi ni nzima. Pikipiki ikienda laini kama toroli, klachi inateleza, na tunatazama kwanza ulegevu wa waya, ambao kwenye mkono wa usukani unatakiwa uwe milimita 3 hivi. Waya ukiwa sawa na klachi bado inateleza, ndipo tunapofikiria sahani zake zilizolika au springi zake zilizolegea.

Swali la tatu ni la sikio, nalo ndilo tunalolipenda kuliko yote. Klachi inayoteleza huteleza kimya. Racheti iliyolika huteleza kwa kelele: kra, kra, wakati kiki inapokwenda chini. Tulisema mlio huo ni afya wakati wa kurudi juu. Ukisikika wakati wa kwenda chini ni ugonjwa. Mlio ni uleule, maana ni tofauti kabisa, na kinachoamua ni upande wa mwendo. Tumewaona wanachuo waliokuwa wamekaa pembeni wakidhani ufundi si kazi yao wakisogea karibu kwa sababu ya mlio huu, maana masikio kila mtu anayo.

Yako makosa mengine ambayo hujieleza yenyewe. Kiki ikigonga na kukwama mahali palepale, juu kabisa mwanzoni mwa mwendo, jino la kwanza la robo duara limevunjika ncha, au ncha imegongana na ncha ya jino la pinioni. Hapo mtu asikanyage kwa uzito wake. Aingize gia, aisogeze pikipiki kidogo ili pinioni igeuke, atoe gia, kisha ajaribu tena. Wengi wa wanaovunja robo duara huanza kwa kukanyaga kwa hasira. Kiki ikining'inia chini bila kurudi, springi kubwa imekatika au imechomoka. Barabarani tumeona kiki zilizofungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ili zisining'inie. Si utengenezaji, lakini aliyefanya vile alielewa springi inafanya kazi gani, na mwalimu anaweza kuanza somo zuri kwa kuuliza mpira ule umechukua nafasi ya nini.

Ikithibitika kwamba hitilafu iko ndani, ndipo tunafungua. Pikipiki isimamishwe imara juu ya stendi yake. Oili ya giaboksi imwagwe katika chombo safi, maana chembe za chuma zilizomo zitatupa habari. Bomba la moshi la upande wa kulia na sehemu ya kuwekea mguu huondolewa zikizuia kazi, na waya wa klachi huachiwa. Gia ya juu iingizwe kabla ya kufungua kifuniko, kwa sababu baadaye tutahitaji kuizuia shafti isizunguke. Skrubu na nati za kifuniko cha nje zikiisha kutoka, kifuniko hugongwa taratibu kwa nyundo ya mpira huku kiki ikiwa imekanyagwa kidogo. Kamwe bisibisi isichomekwe katika ungio ili kukibandua. Alumini hukwaruzika, na oili itavuja hapo siku zote.

Kifuniko hutoka pamoja na kiki, robo duara na springi yake. Hapa tunasimama na kuwataka wote wasogee nyuma hatua moja. Springi hiyo imejikaza hata kiki inapokuwa imepumzika, na ikiachiwa ghafla ncha yake inaweza kukata kidole. Ni kazi ya mtu mzima mwenye kuishika kwa pulaizi, akiilegeza kidogo kidogo. Kwa wanafunzi wa shule ya msingi hatua hii iwe ya kutazama tu, na miwani ya kinga au vitu vya namna hiyo vikiwapo vivaliwe.

Kwenye ncha ya shafti kuu tunaona nati, na chini yake washa yenye ulimi uliokunjwa ili nati isilegee. Ulimi hunyoshwa, mtu mmoja hukanyaga breki ya nyuma, mwingine hufungua nati. Kwa vile gia ya juu imeingia, breki huishika shafti isigeuke. Nati ikikutwa imelegea, huenda tumepata chanzo, kwa kuwa racheti hurudi nyuma na meno hayaumani sawasawa. Kisha hutoka racheti, pinioni, springi nyepesi na kijibomba. Vyote hupangwa juu ya gazeti kwa mfuatano vilivyotoka, na mwanafunzi mmoja huchora. Mchoro huo ni bora kuliko kumbukumbu ya mkufunzi. Tumewahi kuirudisha springi nyepesi mahali pasipo pake tukiwa na hakika kamili.

Meno ya racheti hutazamwa penye mwanga, upande ule unaokamata. Yakiwa na kona kali ni mazima. Yakiwa yameviringika kama kokoto, hayafai. Katika hatua hii daima hutokea mtu akapendekeza tuyanoe kwa tupa. Wazo si la kijinga, na lisichekwe. Lakini meno hayo yamefanywa magumu kwa moto kiwandani, na tupa huondoa ule ugumu wa juu. Yatakuwa makali kwa wiki chache na kulika upesi kuliko kwanza. Kuyaongeza kwa kulehemu kuna hasara ya namna hiyo, maana joto huharibu ugumu. Dawa ni kubadilisha racheti na pinioni pamoja. Kipya kimoja kikiwekwa na kikuukuu, kikuukuu hukila kipya. Kama meno ni mazima, tunaangalia kama pinioni inateleza vizuri juu ya kijibomba chake. Mara nyingine ni utando mzito wa oili ya zamani tu unaoizuia, na mafuta ya taa na tambara hutosha.

Ili kulitoa robo duara, kota pini hufunguliwa. Nati yake ilegezwe bila kutolewa yote, kisha igongwe nati, si uzi mtupu. Uzi ukigongwa hutanuka na pini hufaa kutupwa. Kazi ya kurudisha ni mfuatano uleule kinyume, na hatutaurudia, ila kwa mambo mawili. Springi kubwa hupewa mkazo kabla kifuniko hakijafungwa, ili kiki irudi juu kwa nguvu. Na washa ya ulimi iwe mpya, kwa sababu ulimi uliokunjwa na kunyoshwa mara nyingi hukatikia ndani ya gia.

Gasketi mpya ikiisha kuwekwa, na oili ikajazwa, tunatoa plagi za injini na kukanyaga kiki kwa mkono. Bila plagi injini haibani hewa, na tunaweza kusikiliza: kimya kwenda chini, kra-kra kurudi juu. Ndipo plagi hurudishwa na mtu mzima hupiga kiki. Hilo la mtu mzima lina sababu yake. Racheti hujiachia injini inapozunguka mbele kwa kasi kuliko mguu. Lakini cheche ikiwahi mno, injini yaweza kurushwa kinyume, na upande huo racheti hukamata. Nguvu yote humrudia mkanyagaji mguuni. Pikipiki kubwa za zamani zimevunja vifundo vya miguu kwa njia hiyo. Wanafunzi wa shule ya msingi wasiruhusiwe kabisa kuikanyaga, hata wakiomba kwa adabu gani.

Mwanachuo atasema kwamba shule atakayopangiwa haina Triumph wala karakana. Hiyo ni kweli kwa shule nyingi. Lakini baiskeli haitakosekana. Geuza baiskeli miguu juu, zungusha pedali mbele na nyuma, na mwulize kila mtoto ni upande upi friwili inalia na kwa nini. Kisha uliza: friwili ikilia wakati unakanyaga mbele, mwendesha baiskeli ataona nini? Darasa la watoto 60 laweza kugawanywa katika makundi, kila kundi likitengeneza racheti yake. Tulijaribu kwanza kwa kadibodi, lakini meno hupinda baada ya mizunguko michache na watoto hudhani racheti yao ina kosa la kufikiri, kumbe kosa ni la karatasi. Soli za kandambili zilizotupwa hufaa zaidi. Hukatwa kwa wembe, kazi ambayo mwalimu huifanya mwenyewe, meno manane yakitosha, na msumari hufanywa mhimili. Kidole cha kukamata meno hutengenezwa kwa kijiti kilichofungwa kwa mpira.

Yule mwanachuo wetu alirudi kwenye Darasa la Sita juma lililofuata akiwa na soli mbili za kandambili na baiskeli ya mlinzi wa shule. Alimwomba yule mtoto aulize swali lake tena, kwa sauti, ili wa nyuma wasikie.